Uzinduzi wa Jengo Lisilo na Mlango

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru na ambaye kiti chako nitakikalia mwenyewe nikimaliza. Waheshimiwa Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi na Makaimu wa Wasaidizi. Wadau wa sanaa, wadau wa dizaini, na wadau ambao bado hatujajua ni wa nini. Mke wangu mpenzi. Na ninyi mafundi wa karakana iliyokuwa hapa, mliosimama kule juani: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya walioketi.)

Nichukue fursa hii adhimu kuzindua Kituo Kikuu cha Sanaa ya Avangadi na Dizaini ya Kisasa, mnachokiona nyuma yangu, ghorofa nne, madirisha sitini na mawili, rangi ya samawati, na ambacho nawaomba mkitazame kutoka hapo hapo mlipo. (Minong'ono.) Avangadi, kwa wale ambao hamkuhudhuria semina nilizohudhuria mimi, ni sanaa inayotangulia wakati wake, ya watu waliochora uso wenye macho yote upande mmoja wakachekwa, wakabandika vipande vya magazeti ukutani wakachekwa, na leo viti, taa, mabango na hata birika lako la chai vimechukua sura ileile iliyochekwa. Mimi pia nimechekwa sana ofisini, kwa hiyo mnaona ninakoelekea. (Kicheko kimoja, kinakatika.)

Sanaa hiyo iliwafundisha wabunifu kuondoa kila kisicho cha lazima. Wakaondoa nakshi kwenye makabati, wakaondoa mito kwenye makochi, wakaondoa ukuta kati ya jiko na sebule hadi mgeni anajua unapika nini na kwa kiasi gani; na idara yangu, kupitia mchakato shirikishi na upembuzi yakinifu wa feizi tatu, imethubutu kuondoa zaidi ya hapo, na asilimia tisini na saba ya wananchi wameridhika, na waliobaki hatukuwauliza tena. (Makofi. Upepo. Ghorofa ya tatu inakunjamana kidogo.)

Namwona pale pembeni ya jengo Fundi Randa, seremala wetu, amenyoosha mkono mmoja, maana wa pili una kazi. Huyu ndiye dada aliyekubali karakana aliyoachiwa na marehemu baba yake ivunjwe kupisha kituo hiki, nami nikamwahidi kwa kinywa changu chumba cha kwanza kulia, chenye dirisha, yeye na binti zake wawili. Uliza, dada yangu.

(“Mheshimiwa, mlango uko wapi? Miaka miwili tunapiga randa kwenye kibaraza cha shemeji, na shemeji amechoka na vumbi.”)

Swali zuri, ingawa limepitwa na wakati. Mlango ni fikra ya kizamani, unawagawa watu kuwa wa ndani na wa nje, ilhali sisi tumewaweka wote upande mmoja bila ubaguzi. (Wakurugenzi wanashangilia. Mafundi wanatazamana.) Na dirisha lako ni lile la chini, la kwanza kulia. Nililisimamia mwenyewe, na limetoka zuri kuliko yote. (Fundi Randa analigusa. Kidole kinabaki na samawati.)

Nisiwachoshe. Nikisema “Avangadi”, mseme “Mbele”. Avangadi. (“Mbele,” mstari wa kwanza.) Nikisema “Kituo”, mseme “Chetu”. Kituo. (Kikohozi.)

Shukrani za pekee zimwendee mchoraji wa mabango, aliyelikamilisha jengo hili lote kwa siku tatu juu ya turubai moja, bila kudai msingi wala saruji. Na zimwendee Fundi Randa, ambaye mbao za paa la karakana yake ndizo zilizotupatia nguzo mbili za kulitundika. Moja ya nguzo hizo ameishika mwenyewe tangu asubuhi, na huo ndio uzalendo. Fundi, mbona unaitazama hivyo? Najua, misumari bado ni ya baba yako, tumeihifadhi kama urithi wa taifa. Usiiachie nguzo kwanza, dada yangu, wapiga picha hawajamaliza.

(Fundi Randa anaiachia.)