Baiskeli ya Kupunguza Kodi

Jumapili, 12 Oktoba

Nafasi ya afisa wa maslahi ya wafanyakazi imetangazwa leo. Bwana Kioko, meneja wetu, ataamua Alhamisi. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Valerie wa mapokezi. Valerie anapendwa kwa sababu anakumbuka siku za kuzaliwa za watu. Mimi nina shahada ya uchumi. Na mawazo. Ni wazi nani anafaa.

Wazo la leo nimelipata kwa Mumbua, rafiki yangu wa chuo, sasa muuguzi Uingereza. Huko mwajiri humnunulia mfanyakazi baiskeli ya kuendea kazini, kisha humkata mshahara kidogo kidogo kabla kodi haijakatwa. Kodi inapungua, miguu inapata nguvu, mwajiri anapendwa. Nikamfuata Bwana Kioko kwenye korido nikamweleza yote. Alikuwa akiongea na mtu kwa video. Aliinua kidole gumba. Huenda alimwinulia huyo wa kwenye simu, lakini aliyekiona ni mimi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la walinzi wa kampuni yetu. Kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha ofisi huwaletea usingizi. "Nunua baiskeli kupitia kampuni, upunguziwe kodi." Nimelisoma kwa sauti mbele ya kioo. Lina mdundo.

Kufikia adhuhuri nusu ya walinzi walikuwa wamejiandikisha, akiwemo Hannah mwenye goti bovu na Tony asiyejua kuendesha. Nilishangaa kidogo, kisha nikajiambia huu ndio uongozi. Valerie amenipongeza. Alionekana kufurahi kwa dhati. Mbinu zake ni za hali ya juu.

Jumanne, 14 Oktoba

Ronny, mlinzi wa geti letu, amenisimamisha asubuhi, kofia mkononi. Ameuliza kama kampuni itamlipa landilodi moja kwa moja au pesa itapitia kwa mshahara. Nikauliza landilodi gani. Akasema, si ni yule wa kule anakopanga Al Thumama, madam, yule mkali. Ameshamwambia kuanzia mwisho wa mwezi aongee na ofisi.

Kodi. Ya nyumba. Wote wameelewa kodi ya nyumba.

Nikamweleza kwamba nilimaanisha kodi ya serikali, ile inayokatwa kwenye mshahara. Ronny alinitazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Madam, Qatar hii? Kwani wewe unakatwa?"

Sikatwi. Huu ni mwaka wangu wa tatu Doha na sikuwahi kuona. Nilidhani mshahara unanitosha kwa sababu mimi ni mwangalifu.

Jioni, chumbani kwetu Al Mansoura, nimemsimulia Milka ninayeishi naye. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Akauliza si ningeandika ushuru tu, kama Mkenya mwingine yeyote. Nikamwambia ushuru hauna mdundo. Akaanza kucheka upya.

Jumatano, 15 Oktoba

Suluhisho limepatikana usiku. Mwenye baiskeli anaweza kuhamia mbali, kule Al Rayyan ndani kabisa, ambako vyumba ni nafuu. Kwa hiyo baiskeli inapunguza kodi ya nyumba! Tangazo langu lilikuwa la kweli, lilitangulia tu.

Kinachohitajika ni ushahidi. Nikapanga kuja kazini kwa baiskeli kutoka huko, nifike kabla ya Bwana Kioko, nikiwa nadhifu. Mwangi, dereva wa kampuni, aliniazima yake na kunipeleka huko asubuhi kwa gari, akiniuliza njia nzima kama kuna ndugu yangu wa kupigiwa simu.

Wanaosema joto hupungua Oktoba hukaa ndani. Kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara niliingia, nikazunguka, nikashindwa kutoka. Kisha mnyororo ukala sketi. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara, nimefungwa kwenye baiskeli kama mbuzi wa sikukuu, gari liliposimama. Valerie. Alikata sketi kwa mkasi wa kucha, akaninywesha maji, akanifunga leso yake kiunoni. "Pole mpenzi, jua la huku si la kuchezea." Hakucheka hata kidogo. Sitamsamehe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Walinzi wamekuja ofisini, Ronny mbele, kuulizia kodi yao. Bwana Kioko akataka kujua ni kodi gani, nani aliahidi, na baiskeli zinaingiaje. Nikaeleza. Nilianzia kwenye asili ya baiskeli. Kabla sijafika kwenye pedali, Valerie aliomba kusema jambo moja: hawa hawakujiandikisha kwa sababu ya baiskeli. Mtu mwenye goti kama la Hannah hanunui baiskeli mpaka kodi ya nyumba iwe imemshinda.

Bwana Kioko akaweka simu chini, jambo ambalo sijawahi kuliona. Ameahidi kulipeleka suala la posho ya nyumba kwa wakubwa. Na nafasi amempa Valerie.

Valerie naye akaomba mimi niwe msaidizi wake, niandike matangazo, kwa kuwa hakuna tangazo lililowahi kusomwa na walinzi wote kabla ya langu. Nimekubali. Anayetaka kumng'oa mtu sharti akae karibu naye.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimetoka kanisani, miguu imekaza. Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la neno lenye maana mbili. Kuanzia leo nitatumia maneno yenye maana moja tu.

Na wazo jipya ninalo, bora kuliko lile. Siku hizi kampuni kubwa huruhusu watu wasifike ofisini, kila mmoja akafanya kazi chumbani kwake. Sikumngoja Valerie. Nimeshaliweka kundini: "Kuanzia Novemba, fanya kazi ukiwa nyumbani."

Furaha niliyoiona haina kifani. Kundi zima linatuma vijipicha vya ndege, sijui kwa nini. Hannah ameandika kwamba mama yake analia kwa furaha huko kwao Kitui. Ronny ameuliza kama tiketi ni ya kwenda tu au na ya kurudi. Nadhani anazungumzia basi. Nimemjibu: mtu akishakuwa nyumbani, anarudi wapi tena?