Uzinduzi wa Vitufe vya Mkato, Masjala ya Vyeti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Waheshimiwa Wajumbe, Wakuu wa Idara, Makaimu wao, Makaimu wa Makaimu, mabibi na mabwana, na wewe mpiga chapa wetu uliyefungwa bendeji mkononi: itifaki imezingatiwa, na pale ilipokosewa, ijizingatie yenyewe. (Makofi.)

Leo nazindua Mradi Mkakati wa Vitufe vya Mkato katika Menyu za Kompyuta zetu za Linux. Mtaniuliza, mkurugenzi, ndiyo nini hicho? (Sauti: “Tuambie!”) Huyu mama, mnayemwita Mama Cheti, kila akitaka kuchapa cheti alikuwa anashika kipanya, anafungua menyu ya kwanza, anashuka ya pili, anaingia ya tatu, ndipo alione neno “Chapa”, na kwa vyeti mia mbili kwa siku kifundo cha mkono kikavimba hata akawa hawezi kumsuka binti yake nywele, huku foleni ikitoka mlangoni na kupinda kona ya choo. Mimi, kwa uongozi shirikishi, niliona. (Sauti: “Uliona saa ngapi? Ghorofa ya chini hujawahi kushuka!” Kicheko.) Niliona kitaasisi, ndugu yangu!

Nikaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, tukafanya monitaringi na ivaluesheni, na sasa ufanisi umepanda kwa asilimia mia moja arobaini nukta tatu. Mama Cheti, simama uwaeleze jinsi mradi ulivyokufikia.

(Mama Cheti anasimama. “Haujanifikia, mkurugenzi. Mwezi uliopita mkono uligoma kabisa, na watu wamejaa dirishani. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaruhusu vitufe vya menyu vibadilishwe, nikaweka mshale juu ya neno Chapa, nikabonyeza Kontroli na J kwa mkono wa kushoto. Ikakubali. Dakika mbili tu. Tangu siku hiyo nikibonyeza hivyo viwili, cheti kinachapwa bila kufungua menyu. Sasa uvimbe unapungua. Juzi nimemsuka mwanangu, mistari minne.” Makofi marefu. Wengine wanasimama.)

Nashukuru kwa makofi mliyonipigia. Tuseme wote kaulimbiu yetu: Bonyeza Kidogo, Timiza Kikubwa! (Mtu anakohoa.) Vizuri sana.

Kwa kumalizia, namshukuru mtunza kumbukumbu, ambaye tangu asubuhi amepekua makabati yote kutafuta faili la mradi huu nije nalo hapa jukwaani, na hakupata faili, hakupata kamati, hata barua ya kuiteua hakuipata. Alichopata ni bahasha moja mezani kwangu, chini ya kikombe, yenye mhuri wa mwaka juzi, haijafunguliwa. Naifungua mbele yenu, kwa uwazi na uwajibikaji. (Anafungua. Anaanza kwa sauti: “Mkurugenzi, naomba msaada, mkono wangu...” Anaendelea kimoyomoyo. Anavua miwani.)

Mama... Barua yako imepokelewa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.