Sitara ya Watu wa Ghalani

Jumatatu, 6 Mei 1957

Mvua tena. Idd imepita juzi juzi tu na nguo mpya za watu zimekwisha ingia tope. Vibanda vya bondeni Nguvumali vimeanguka tangu Alhamisi, na watu kumi na tisa wanalala kwenye baraza ya ghala la katani la Mgiriki, njia ya stesheni. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua, na nililoambiwa leo bombani na wanawake watatu mbalimbali, ni kwamba wifi yangu Asmahani anawapelekea uji kila asubuhi, na mtaa wetu wote wa Mabawa unamwombea dua.

Uji! Maji na unga.

Asmahani ni dada wa mume wangu. Mjane, hana mtoto, na tangu nilipoolewa hajafanya jambo jema hata moja bila kusifiwa mbele yangu. Sitamwachia na hili. Kabla ya adhuhuri nimekwisha unda chama. Jina lake Sitara. Kazi yake kuwakusanyia nguo wasio na pa kulala. Mwenyekiti mimi. Katibu mimi, maana ndimi ninayejua kuandika. Wanachama watapatikana.

Alasiri nimekwenda ghalani. Aliyezungumza nami ni Benedikta, Mngoni, ana mtoto mgongoni. Mumewe Ernesti alikuwa mkata katani mpaka mkataba ulipokwisha. Nimemwuliza wanahitaji nini. Akasema nguo wanazo za kujisetiri, shida yao ni mvua inayowapiga ubavuni, na yuko bibi mmoja, Bi Mboni, kifua kinambana. Lingepatikana turubali, au pa kuhamia, wangeshukuru. Nimemwambia mambo huenda kwa taratibu, na binadamu huanza na sitara. Hakubisha. Nimeona ameelewa.

Zubeiri, mume wangu, ni karani wa mizigo stesheni na hapendi kelele. Ameniuliza kwa nini nisishirikiane na dada yake. Nimemwambia chakula kinapoa.

Jumanne, 7 Mei

Nimezunguka nyumba ishirini na tatu. Kila nyumba imetoa, sisemi haikutoa. Lakini khanga ni doti, pande mbili, na kila mwanamke ametoa upande mmoja. Nina pande ishirini na tatu na hakuna mbili zinazofanana. Mke wa Haji, fundi baiskeli, amenipa na shati la mumewe lisilo mgongo. Nimemwuliza mgongo uko wapi. Akasema mbele ndiko watu wanakotazama.

Mimi nimetoa doti kamili, mwenyekiti hana budi kuonyesha njia. Ni ile aliyonipa Asmahani siku ya saba ya harusi yangu. Imeandikwa: ULIPOKAA NILIKWISHA KAA. Maneno hayo, kwa bi harusi! Miaka kumi na tisa imelala chini ya sanduku langu, sijaivaa hata kwenda jikoni. Leo imepata kazi.

Jumatano, 8 Mei

Nimefika Raskazone kwa miguu. Elizabeti, Msambaa wa Mlalo, ni yaya katika nyumba moja ya Wazungu kule ufukoni. Bibi wa nyumba anarudi kwao na anagawa vitu. Elizabeti akaniambia kwa upole kwamba vilivyobaki ni vya baridi, labda nisubiri mashuka. Nimemwambia Sitara haichagui.

Nimerudi na makoti sita ya sufu, kofia mbili za manyoya na soksi zinazofika mapajani. Nilivaa makoti mawili ili mzigo upungue kichwani. Penye kona ya hospitali nusura nizimie. Kijana mmoja mwenye baiskeli aliniuliza kama naumwa homa. Nimemjibu kwamba naumwa na huruma, nikaendelea.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya kugawa. Nimewapanga mstari, wakubwa mbele. Nimehutubia kwa muda wa kutosha. Walisikiliza kwa adabu kubwa, na mvua iliwapiga ubavuni kama Benedikta alivyosema.

Ernesti anajua kusoma. Hili sikuliwaza. Kila khanga niliyotoa aliisoma kwa sauti, na hapo ndipo nilipotambua jambo. Wanawake wa Mabawa hawakunipa khanga chakavu. Wamenipa zile walizotumiwa na mahasimu wao. Bi Mboni, ajuza wa miaka sabini, kajifunga BWANA WAKO NAMJUA KULIKO WEWE. Nilitaka kumbadilishia, lakini akasema hii nzito, inamzuilia ubaridi, akaikumbatia. Nikaona basi.

Doti yangu nimempa Benedikta. Imempendeza, na hilo limeniudhi kidogo.

Ijumaa, 10 Mei

Leo watu wangu wametembea mjini na mji umechafuka.

Bi Mboni alipita mbele ya msikiti wakati watu wanatoka Ijumaa. Mke wa Haji akaitambua ile khanga, kwa kuwa ndiye aliyeinunua mwaka jana kumpelekea jirani yake. Jirani naye akaona kwamba siri yake ya kuitoa sadaka imefichuka. Walikuwa wamepatana siku ya Idd. Sasa hawajapatana tena, na kila mmoja amekuja mlangoni kwangu kwa zamu. Nimewaambia wote wawili kwamba sadaka ikishatoka mkononi haina maneno. Wakasema hii inayo, yameandikwa.

Hayo si kitu. Benedikta alipita mbele ya nyumba ya Asmahani. Wifi alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Nimeambiwa aliuacha ungo, akaitazama doti mpaka Benedikta akapotea kwenye kona, kisha akaingia ndani na hakutoka tena.

Vizuri. Nimengoja miaka kumi na tisa anielewe.

Zubeiri amerudi kutoka kwa dada yake akiwa na uso mrefu. Ameniambia kwamba dada hakugombana, ameuliza tu kama ile khanga niliwahi kuivaa. Nikasema sitaki kusikia. Akasema liko jambo jingine amelizungumza na dada, kuhusu nyumba ya marehemu baba. Nikasema hilo ndilo sitaki kusikia kabisa. Akanyamaza. Ni mtu mwema, hunyamaza upesi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimesalitiwa. Asubuhi nimefika ghalani nikakuta turubali kubwa limefungwa ubavuni mwa baraza, na watu wamekaa nyuma yake wakavu. Nikauliza makoti yako wapi. Ernesti akasema kwa furaha kwamba amepatana na utingo wa lori la Lushoto. Kule kuna baridi, makoti yamepokewa kwa mikono miwili, wakapewa turubali la lori kwa makoti sita na kofia. Nimemwambia kwamba Sitara ni chama cha nguo, si cha biashara. Akaniomba radhi. Lakini hakulifungua turubali.

Nikiwa bado nasema akaja Jumbe, mnyapara wa ghala. Marobota ya katani yanaingia Jumatatu asubuhi. Baraza iwe tupu kabla jua halijatoka. Hakuwa na ukali, ndiyo maana niliogopa. Mtu mkali huweza kubembelezwa. Bi Mboni alianza kukunja mkeka wake palepale, na Benedikta akamkalisha tena chini.

Basi nimeamua. Ipo nyumba ya marehemu baba mkwe nyuma ya msikiti, vyumba vinne, imefungwa mwaka wa nne. Zubeiri anataka ipangishwe, Asmahani anataka iwekwe wakfu, na wamewekeana sharti kwamba asiingie mtu mpaka wakubaliane. Kufuli ni moja na ufunguo anao Asmahani. Na Asmahani leo jioni anakwenda Tongoni harusini, harudi mpaka Jumatatu.

Najua watakavyosema. Mke wa kaka kavunja nyumba ya mirathi. Waseme. Nimemwona bibi yule akikunja mkeka.

Jumapili, 12 Mei

Naandika taratibu ili nisikosee.

Baada ya adhuhuri nimewatoa watu wangu wote kumi na tisa ghalani na vitu vyao, tukapita barabarani kweupe, mimi mbele. Mabawa nzima ilitoka kutazama. Sikugeuza shingo. Nimemchukua Haji na nyundo yake. Haji alitaka kuuliza kama Zubeiri ana habari. Nimemwambia apige.

Kabla hajapiga nimehutubia. Nimesema kwamba mlango wa ubahili hufunguliwa kwa nguvu. Nimesema kwamba wako watu wanaogawa uji kwa mkono mmoja na mwingine wameshika ufunguo. Benedikta akanyoosha mkono. Nikamwambia angoje nimalize. Akanyoosha tena. Nikawaambia wote wakae kimya mpaka nimalize.

Haji akapiga. Kufuli halikuvunjika. Akapiga mara ya pili, na mlango wote, na fremu yake iliyokwisha liwa na mchwa, ukaangukia ndani kwa kishindo. Watu wakapiga makofi. Nilihisi, kwa kitambo kidogo, kwamba nimekuwa yule niliyezaliwa kuwa.

Benedikta akafungua fundo la khanga, ile doti yangu, akatoa ufunguo.

"Mama, huu tunao tangu jana jioni," alisema. "Bi Asmahani alituletea kabla ya kusafiri. Alisema ndugu yake ameridhia, tuhamie leo."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ulituambia tukae kimya mpaka umalize."

Nimeingia ndani. Sikuwa na kwingine kwa kwenda. Vyumba vimefagiwa. Mikeka imetandikwa. Mtungi umejaa maji. Kwenye chumba chenye dirisha dogo, kisichopigwa na upepo, kimewekwa kitanda cha kamba kwa ajili ya Bi Mboni.

Zubeiri alikuja akasimama penye mlango usiokuwapo. Akashika upande mmoja wa ubao, Haji mwingine, wakausimamisha ukutani.

Jumatatu, 13 Mei

Nyumba haina mlango, mvua haijali hayo. Zubeiri amebandua mlango wa jiko letu na kuupeleka kule. Jiko letu sasa lina kuku wa jirani. Nimeuandika mlango katika daftari la chama: mchango wa mwenyekiti.

Asmahani amerudi saa nane. Nilimngoja palepale kwenye nyumba, nimesimama. Sikutaka kufuatwa kwangu kama mwizi. Nilikuwa na maneno tayari, mengi na mazuri. Alipoufikia ule mlango uliosimamishwa ukutani akaugusa mahali palipochongwa maua.

"Wifi, huu aliuchonga baba mwenyewe," alisema. "Mwaka niliozaliwa."

Katika maneno yangu yote nikasema moja tu, kwamba fundi atautengeneza. Akaitika. Kisha akaniuliza, si kwa ugomvi, kwa nini ile khanga sikuipenda. Nikamwambia anajua mwenyewe kilichoandikwa.

Akauacha mlango, akanigeukia.

"Mimi sijui kusoma, Mastura. Nilichagua rangi."

Miaka kumi na tisa. Jirani yangu wa chakula, wa msiba, wa Idd. Nimemsomea barua zake zote tangu mumewe afe na sikuwahi kuwaza. Nikamwambia maneno yenyewe. Akafikiri, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti, na Benedikta akaja na mtoto kuuliza kuna nini. Nami nilicheka kidogo. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Lakini nimerudi nyumbani nikafikiri vizuri na nimekasirika upya. Kununa kote kule, bure! Mtu asiyejua kusoma angemwuliza muuza duka. Kuuliza kunagharimu nini?

Alhamisi, 16 Mei

Bi Mboni analala vizuri na kifua kimetulia. Nimekwenda kumwamkia. Nimesema shikamoo, akanishika mkono, akaniambia wewe na wifi yako, nyote wawili Mungu awazidishie. Nyote wawili! Nimewaza kumfafanulia, lakini alikuwa amekwisha sinzia.

Mjini inasemwa kwamba Asmahani alitoa nyumba na mimi nilitoa mlango. Yaani niliutoa mahali pake. Haji ndiye aliyeanza. Sitampelekea tena baiskeli ya Zubeiri.

Wapo wanaodhani nitajificha. Leo nimepita sokoni mara mbili, polepole, na mara ya pili sikuwa na cha kununua.

Jumamosi, 25 Mei

Ernesti amepata kazi bandarini. Familia mbili zimekwisha pata vyumba vyao Nguvumali. Asmahani na Zubeiri wamekubaliana kwamba nyumba ibaki hivyo, ya wasio na pa kulala, na shehe ameandika. Kila mtu amefurahi. Mimi pia, ila chama kinaishiwa watu.

Benedikta alikuja kuniaga. Ameleta mihogo. Akasema hatasahau kwamba nilitoka nao barabarani mbele ya watu wote, wala sikuona haya kutembea nao. Kisha akaniomba jambo moja, akitazama chini: siku nyingine nikitaka kuwasaidia watu, niwaulize kwanza, halafu niwangoje wajibu. Nimemshika bega na kumwambia kwamba hayo ni maneno ya hekima na nitayaweka moyoni.

Alipoondoka nimeanza kufunga mizigo. Nimesikia mto umefurika Pangani na watu wamelala shuleni. Basi linaondoka kesho alfajiri. Nina gunia la kofia za tarbushi alizoacha marehemu mfanyabiashara mmoja wa Barabara ya Nne, na mwavuli mmoja mkubwa. Asmahani hana habari bado.

Zubeiri ameniuliza watu wa Pangani wamesema wanahitaji nini. Nimemwambia nitawaambia nikifika.