Mapaa Arobaini na Moja

Pantaleo alihudhuria mafunzo ya ramani kwa sababu ya chapati. Tusimsingizie uzalendo, hajawahi kuwa nao. Alikuwa anakatiza nyuma ya ukumbi wa parokia pale Kahama, akasikia harufu ya mafuta ya kukaangia, akaona vijana wenye vizibao vya kung'aa wanajiandikisha, naye akajiandikisha. Jina aliloandika halikuwa lake, ila mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Aliyefundisha ni binti mmoja aitwaye Nelly, mwanachuo aliyekuwa likizo. Alieleza kwamba kuna ramani kwenye mtandao, ya bure, inayochorwa na watu wa kujitolea. Unafungua picha iliyopigwa kutoka angani, unaona paa, unagusa pembe zake nne, basi, nyumba imeingia kwenye ramani ya dunia. Baadaye mnakwenda kwa miguu kuhakiki, mnauliza kisima kinaitwaje na zahanati iko wapi.

"Na anayegusa analipwa na nani?" Pantaleo aliuliza.

"Halipwi na mtu, kaka. Tunajitolea."

"Na mwenye nyumba anamlipa nani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Pantaleo hakucheka. Kwake lile lilikuwa swali la kitaalamu, na jibu lake alikwisha kulipata.

Ni haki tumtetee kidogo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hajawahi kukaa katika chumba ambacho mwenye nyumba anajua jina lake halisi. Aliuza dhahabu ya shaba Geita, akahama. Aliuza dawa ya kuita dhahabu huko Bulyanhulu, akahama kwa kukimbia. Alichokitaka duniani sasa kilikuwa kiwanja kimoja chenye hati, na juu yake nyumba ya vyumba vitatu ambayo akipigiwa hodi atatokea mlangoni badala ya dirishani. Kiwanja alikwisha kukipata, na muuzaji alikubali kumngojea hadi mwisho wa mwezi. Haja njema kabisa, isipokuwa alitaka watu wengine waigharamie.

Wiki iliyofuata akashukia Mwashilindi, kitongoji cha wakulima wa pamba na mpunga upande wa migodini. Watu wa huko wanalijua neno fidia kuliko wanavyoijua katekisimu. Mgodi ukitanuka, wenye nyumba hulipwa wahame. Kwa hiyo ikisikika tetesi tu, watu huinua vibanda haraka haraka na kukaa kungojea, kama mtu aliyetega kware. Wenyewe wanaita kutegesha, na ni kazi inayoheshimika.

Pantaleo, ndani ya kizibao cha kung'aa, alimwamkia kila mwenye mvi, kisha akainua simu.

"Wazee wangu, mama zangu, huko juu kuna jicho." Wote wakatazama juu. "Halioni ukuta. Halioni mlango. Linaona nini?"

"Paa!" mtu mmoja akajibu.

"Paa! Kila paa linaloingia humu ni nyumba. Mimi sijasema mgodi unakuja. Kuna aliyenisikia nikisema mgodi?"

Hakuna aliyemsikia, na ndiyo maana wote waliamini.

"Na ada?" mzee mmoja akauliza.

"Laki mbili kwa paa. Ni ya kuhudumia satelaiti."

Mama Juliana, mjane aliyekuwa na mitamba wawili na ulimi mmoja wa kutosha watu watatu, aliuliza kutoka nyuma. "Baba, paa lisilo na nyumba, mvua ikinyesha linamkinga nani?"

"Mama yangu, hilo si paa la mvua. Ni paa la fidia."

Watu walicheka, na Mama Juliana akacheka nao. Kesho yake akapeleka mitamba wake mnadani, akalipia mapaa matano.

Kwa muda wa siku sita Mwashilindi ilijengwa upya. Mabati yaling'olewa majikoni na kwenye mabanda ya mbuzi, mengine yaliazimwa kwa mashemeji Kishapu. Miti minne, bati juu, kwisha. Ng'ombe aliweza kupita mtaa mzima bila kukutana na mlango. Pantaleo naye hakulala kazini, aligusa pembe moja moja mpaka ramani ya dunia ikawa na nyumba mpya arobaini na moja, zimepangwa mistari kama jeshi. Halafu akaaga kwa heshima zote, akakodi pikipiki kurudi Kahama.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angelala usingizi wa safari. Ila dereva, kijana aitwaye Abel, alikuwa na habari.

"Kaka, unatoka Mwashilindi bila paa? Jumatatu wathamini wanakuja. Milioni tano kwa kila paa. Matajiri wa Kahama wameanza kununua kimya kimya."

Pantaleo alitabasamu. Baba anamjua mtoto wake, na huu ulikuwa uongo wake mwenyewe. Lakini baada ya kilometa mbili tabasamu likaanza kupungua. Yeye hakuwahi kutaja Jumatatu, wala hakutaja milioni tano. Wathamini walitoka wapi? Akafungua simu, akautazama mtaa ule. Aliuchora kwa kidole chake mwenyewe, lakini pale kwenye kioo ulionekana wa kweli, mzuri, wa serikali. Kiwanja gani tena? Kwa fedha hiyo angejenga ghorofa!

"Geuza pikipiki," alisema.

Mama Juliana alikuwa anabangua karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umesahau kitu?"

"Mama, nimewaonea huruma. Mmetoa fedha zenu, na mambo ya angani huchelewa. Nataka niwarudishie. Nitayachukua mimi mapaa yote."

"Hatuuzi."

"Laki mbili na nusu."

"Baba, sisi ni maskini, si wajinga. Hatuuzi."

Alisihi, akabembeleza, akaapa kwa jina la mama yake, ambaye kwa bahati hakuwepo kusikia. Ilipofika laki tatu, Mama Juliana akajifuta machozi kwa ncha ya khanga na kukubali kwa niaba ya wenzake. Pantaleo akatoa fedha zote alizokusanya, na juu yake akamwaga akiba ya kiwanja. Mkataba aliuandika mwenyewe, maana hakuwaamini wanakijiji, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: amenunua nyumba arobaini na moja za Mwashilindi, kama zinavyoonekana kwenye ramani.

Jumatatu asubuhi alifika na viatu vilivyong'arishwa. Alikuta watu wako juu ya miti wanang'oa mabati.

"Nyumba zangu! Shukeni! Mnaharibu nyumba zangu!"

"Soma karatasi yako, baba," alisema Mama Juliana. "Kama zinavyoonekana wapi?"

"Kwenye ramani."

"Basi fungua simu uhesabu. Kuna aliyezigusa? Haya ni mabati ya jiko langu, na mawingu unayaona."

"Wathamini wanakuja leo! Dereva ameniambia!"

"Abel? Huyo ni mume wa Juliana wangu. Ana maneno mengi, lakini anaendesha vizuri." Akaliweka chini bati lake. "Wale watoto wa vizibao walipita kisimani wiki ile. Nikamuuliza binti ada ya satelaiti ni kiasi gani. Alicheka mpaka akamwaga maji. Mtamba wangu mmoja amerudi. Wa pili aliyemnunua amekataa kumrudisha, kwa hiyo nimenunua mwingine mwenye mimba. Wabeja sana, baba, asante."

"Nitakwenda polisi!"

"Nenda," alisema mwenyekiti. "Ila utaanza kwa kuandikisha jina."

Pantaleo hakwenda. Alikuwa bado amesimama hapo Nelly alipofika na vijana wake kuhakiki.

"Kumbe mchoraji ni wewe, kaka wa chapati?"

"Msimseme vibaya," alisema Mama Juliana. "Amejitolea kuliko ninyi wote."

Nelly akatazama simu, akatazama miti mitupu, akaanza kufuta. Kidole kikigusa, nyumba inaondoka. Pantaleo alizifuata kwa macho moja moja. Zilipobaki chache alishindwa kujizuia, sauti ikamtoka ikiwa imepasuka kweli, bila ufundi wowote.

"Dada, niachie hata moja. Moja tu."

"Kaka, tunaandika kilichopo." Alimtazama kwa huruma kidogo. "Wewe unaishi wapi? Nitajie, nikuwekee nyumba yako."

Watu wakasogea kumsikiliza, hata waliobeba mabati kichwani. Pantaleo alifungua kinywa. Alivipitia vyumba vyote alivyowahi kulala, na majina yote aliyoyaacha huko, akakifunga tena.

Nelly alingoja kidogo, kisha akafuta ya mwisho.