Koti la Kaka na Ng'ombe wa Baba Neema

Jamani, leo nimejiaibisha, na safari hii hakuna wa kumsingizia.

Nilikwenda Nambis kwa kina Neema, habari ya posa. Mimi ni wa Gendabi, kule hawanijui. Mshenga wangu, baba mdogo Tluway, alishatangulia wiki iliyopita akawaambia mimi ni mfugaji hodari. Leo ndiyo nilikuwa napelekwa nionekane. Nilivaa koti la suti la kaka yangu. (Kaka ni mwembamba. Mimi nakula.)

Njiani baba mdogo akanionya: "Ukishaamkia, funga mdomo. Anayesema ni mimi."

Nikasema sawa, baba.

Tukaingia. Shikamoo, marahaba. Baba Neema alikuwa anatazama muvi, zile za kutafsiriwa na DJ. Stelingi kavaa nguo ya kubana, shuka linapepea mgongoni, anapigwa na jitu moja kubwa. Karushwa ukutani, pwaa! Akainuka, akatugeukia sisi watazamaji, akasema: "Mnaona ninavyoteseka? Na nguo yenyewe inanibana!"

Baba Neema akakunja uso. "Huyu anapigwa, bado anatania. Anaficha nini?"

Baba mdogo muvi hazijui. Basi mimi na kimbelembele changu nikadakia: "Mzee, mastelingi wa siku hizi ndivyo walivyo. Wanajicheka wenyewe ili watu wawapende."

Akanigeukia taratibu. "Kwa hiyo mtu akijicheka, nimpende?"

(Mdomo uliponza kichwa. Hapa ndipo ulipoanza kazi.)

"Ndiyo, mzee! Kama mimi hapa. Nimebanwa kama yeye, na koti lenyewe si langu!"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Si lako. La nani?"

"La kaka."

"Na wale ng'ombe aliowasema mshenga wako, nao ni wa kaka?"

"Hapana mzee, wale wangu kabisa! Ila hata wao wananidharau, wakiniona wananigeuzia mkia!"

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikasema haraka, "Natania, mzee!" Loo! Ndiyo nikaharibu zaidi. Yule mzee alinitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi mgonjwa mnadani. Akazima TV.

"Twende zizini. Ukakamue, tuone."

Kukamua najua tangu utoto, kwa hiyo nilitoka na matumaini. Kumbe nje ukoo mzima umeshajipanga! Mama mtu, mashangazi, kaka yake Neema, na Neema mwenyewe kashika ndoo. Nikaona nivue koti kwanza, nifanye kazi kiume. Koti likashuka hadi kwenye viwiko, likagoma. Mikono yangu iko nyuma kama mwizi aliyekamatwa. Nikavuta. Nikajinyonganyonga. Nikaanza kurukaruka, na lile koti linapepea mgongoni.

Ng'ombe naye akaingiwa na wasiwasi. Akaja, akaninusa, akanipiga kichwa kimoja cha tumbo. Nikakaa kwenye mavi mabichi, pwata!

Hapo sasa ndiyo wakacheka. Mashangazi walishikana. Neema alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Hata baba mdogo, mshenga wangu mwenyewe, alikuwa anafuta machozi!

Baba Neema peke yake hakucheka. Akaja, akanivuta lile koti likatoka, akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma: "Yule wa kwenye TV afadhali, mwanangu. Yeye alikuwa anajua kwamba anachekesha."

Posa haijakataliwa, nashukuru Mungu. Nimeambiwa nirudi Jumamosi alfajiri nikamue ng'ombe wote, mzee akiridhika ndipo tutaongea.

Ila sasa hivi Neema kanitumia ujumbe kwamba kaka yake alikuwa na simu mkononi muda wote. Naomba msicheke, ndugu zangu. Na wewe uliyeanza kucheka kabla sijafika zizini, nimeshakushuku: hiyo video kakutumia nani?