Maji ya Kumlaza Yakobo

Jumatatu, 9 Agosti 1976

Sasa hivi Yakobo amechukua kalamu yangu ya kisomo cha watu wazima, akaikoroga kwenye uji, akanicheka. Kisha akalala papo hapo mkekani, kijiko mkononi. Saa kumi jioni! Malaika wangu. Nimemfunika khanga, apumzike. Jana hakufumba jicho mpaka majogoo. Baba yake alipotoka zamu ya usiku kiwandani alimkuta anapiga vifuniko vya sufuria.

Barua ya mama imefika kutoka Mgeta. Kaandikiwa na katekista, lakini maneno ni yake. Kasikia mjukuu wake halali. Ziwa mtoto ameshaacha. Jumamosi mama anashuka, akimkuta bado anakesha, anapanda naye mlimani akalelewe kwake, kama mimi nilivyolelewa kwa bibi. Miaka mizima! Nimeisoma mara tatu. Heri nisingejua kusoma.

Jumanne, 10 Agosti

Nimewaza: mimi nililalaje? Nyuma ya nyumba ya bibi ulipita mfereji wa kumwagilia matuta ya vitunguu. Usiku kucha ulisema shhh, shhh. Moshi wa kuni, ukungu mlangoni, mkono wa bibi mgongoni. Sikumbuki kukesha hata siku moja.

Hapa mjini kuna nini? Bati na mbwa. Basi! Mtoto anakosa maji! Nimelegeza bomba la uani, nikatega debe chini yake. Yakobo tangu saa tisa amelala, hajui mema yanayomngoja.

Jumatano, 11 Agosti

Usiku, kwa sauti ya maji, nyumba nzima imelala fofofo. Isipokuwa Yakobo. Yeye alitaka akaoge.

Asubuhi kaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Stephano. Kasema maji ni mali ya umma, na mimi nayamwaga. Nikajibu ni kwa ajili ya taifa la kesho. Akauliza taifa hilo la kesho litaoga nini. Jirani yangu Mama Pili alicheka mpaka akashika ukuta. Pili wake ni rika la Yakobo, na kila usiku hulala kama gunia la mpunga. Anavyoringa!

Alhamisi, 12 Agosti

Nimejishusha, nimemwuliza Mama Pili siri yake. Kasema siri hamna. Ikishapita alasiri mtoto asilale, acheze uani. Jioni maji ya vuguvugu, kibatari kipunguzwe, maneno machache, mkono mgongoni. Eti, “Mwenzangu, huyo wako umemfanya popo!”

Wivu tu. Siri yenyewe kaificha. Mtoto amekesha, halafu umnyime usingizi wa mchana? Ukatili gani huo!

Maji ya vuguvugu nimekubali. Hadithi ya sungura nimeongeza mwenyewe. Katikati ya hadithi nikasinzia. Yakobo ndiye aliyenifunika.

Jumapili, 15 Agosti

Mama alishuka jana na kikapu cha njegere. Shikamoo yangu hajaipokea vizuri, keshamshika Yakobo mkono. Wakaenda sokoni, wakaenda kwa shangazi, wakaenda kutazama treni. Wamerudi jua limezama na mtoto hajasinzia hata kidogo. Nilitaka kulia, maskini mwanangu.

Mama akamwogesha, akamlaza, akamwekea mkono mgongoni. Kisha akaanza kuvuta pumzi taratibu: shhh, shhh. Nilisimama mlangoni nikawa na miaka minne. Sauti ile ile ya mfereji! Kumbe bibi naye alikuwa akinifanyia hivyo, nami miaka yote nikidhani ni maji.

Yakobo kalala mpaka kengele ya misa. Mama kasema, nani kamdanganya kwamba huyu halali? Abaki kwa mama yake. Nikaenda nyuma ya jiko kujifuta machozi.

Jumatatu, 16 Agosti

Mama kaondoka asubuhi kutafuta gari la Mgeta. Nimefikiri sana ni nini hasa kilichomlaza Yakobo. Ni hadithi ya sungura! Ilichelewa kufanya kazi tu, kama dawa ya minyoo. Mama Pili akae na alasiri yake.

Leo alipoanza kupikicha macho nilimtandikia upesi. Alale mchana apate akiba, usiku ataendeleza tu. Ni saa kumi na moja na nusu. Anakoroma kidogo, kama baba yake. Nampepea kwa daftari hili, naandika, nampepea tena.

Nani anapiga hodi? Mama! Yuko uani na kikapu chake. Gari limeharibika, anasema, atalala hapa tena leo, na mbona mjukuu wake haonekani, ananiita nimtoe, nami namjibu kwa fahari: amelala fofofo, mama!