Mavazi ni Hiari, Ziwa Nyasa

Ijumaa, 4 Julai 2025

Baridi ya leo hapa Ilomba, Mbeya, imegandisha mafuta ya kupikia kwenye chupa. Nimefurahi. Mimi, Jailos Mwakalinga, nauza makoti ya mitumba sokoni Mwanjelwa, na Julai ndiyo mwezi wangu wa mavuno. Hata hivyo Jumatatu nafunga kibanda kwa wiki nzima. Mwanaume anayejiamini anaweza.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mke wangu, Bertha. Ni muuguzi. Mwaka mzima uliopita alikuwa akitoka zamu hospitalini anaanza zamu nyingine nyumbani, kumuuguza mama yake, mpaka tulipomzika Machi. Hajapumzika hata siku moja. Ya pili ni Zabron, muuza mablanketi wa kibanda kinachotazamana na changu. Mwaka jana alimpeleka mkewe ufukweni Nungwi. Tangu hapo hamalizi sentensi bila kuitaja Nungwi.

Nimepata hoteli mtandaoni. Ufukwe wa Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, ambako hakuna baridi. Kulala, kula, kunywa, boti, vyote ndani ya bei moja. Chini wameandika: mavazi ni hiari. Safi sana. Sipendi tai.

Bertha amekubali kwa sharti moja. Alilisema taratibu, huku akikunja mashuka. Kwa siku saba asisikie mpango wowote. Si kuku, si parachichi, si ile mashine ya kukamua alizeti. Nimemwapia.

Jumapili, 6 Julai

Nimefungasha. Begi moja la nguo zetu. Begi jingine, kubwa, la makoti kumi na nane. Huu si mpango. Ni tahadhari. Mfanyabiashara haachi bidhaa peke yake wiki nzima.

Kumi na tano nimetoa kibandani. Matatu nimeyaokota haraka kabatini nyumbani, ninakoweka yale mazuri. Bertha aliuliza begi lile lina nini. Nikasema vitabu. Aliliangalia begi, akaniangalia mimi, akaenda kuzima jiko.

Jumatatu, 7 Julai

Tumefika. Mchanga mweupe, milima nyuma, maji yametulia. Meneja ni dada mmoja mpole anaitwa Violet. Alitukaribisha kwa juisi ya kakao, ambayo sikujua kuwa ipo, kisha akachukua simu zetu na kuzifungia kwenye bahasha. Picha haziruhusiwi ufukweni. Nilishangaa, maana picha za kumtumia Zabron ndizo nilizofuata kwa kiasi kikubwa.

Tukashuka kuelekea majini. Chini ya mwavuli kulikuwa na mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, anasoma gazeti. Alikuwa amevaa kofia na miwani. Basi. Kwingine kote hakuwa amevaa kitu.

Nimelelewa vizuri. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, namshukuru Mungu, bila kusimama.

Nilipotazama mbele niliona wengine kama kumi, wanaume kwa wanawake, wengi watu wazima wenye wajukuu, wote kama walivyozaliwa. Bertha alisimama.

“Baba Ikupa, ulijua?”

Ikupa ni binti yetu, ameolewa Dodoma. Nilishukuru kwamba yuko Dodoma. Nikajibu kwamba nilijua, ila nilitaka kumshangaza. Uongo wangu wa kwanza wa likizo, na ulitoka vizuri.

Nilitegemea atageuka tuondoke, nami nidai fedha yangu nikiwa mume mwenye hasira ya haki. Hakugeuka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema ana miaka thelathini wodini, hakuna mwili uliobaki wa kumshtua, na hawa angalau si wagonjwa. Violet akatufafanulia kwamba hiari ni hiari, anayetaka kuvaa avae. Isipokuwa kule ng'ambo ya kamba, penye mawe makubwa. Kule nguo hazivuki.

Bertha alivaa nguo zake za kuogelea, akajifunga kitenge juu, akaingia ziwani. Sijamsikia akicheka hivi tangu Machi.

Mimi nilikaa kivulini na suruali, shati, fulana na soksi. Joto kali. Lakini heshima ipo.

Jumanne, 8 Julai

Mzee wa gazeti anaitwa Otto. Alikuwa mwalimu huko Ujerumani, na alifundisha Tukuyu miaka ya zamani, ndiyo maana ya marahaba. Mkewe ni Greta. Yeye Kiswahili hana. Bertha na Greta wameshakuwa marafiki. Wanaongea Kiingereza cha hospitali, magoti na shinikizo la damu.

Nilimpigia Zabron kwa simu ya mapokezi. Akataka picha. Nikamwambia hoteli ya hadhi hii hairuhusu picha. Baadaye nilimpigia jirani yangu wa kibanda, Saulo, akaniambia Zabron ametangazia soko zima kwamba nipo Tukuyu kwa dada yangu, nimejificha.

Iliniuma. Nikakaa kufikiri. Na hapo, jioni, upepo ukashuka kutoka milimani. Nikawaona wote, mmoja mmoja, wakijikunyata, wakivuta taulo mabegani.

Mwanjelwa nauza makoti kwa watu wenye makoti tayari. Hapa kuna watu na upepo, na hakuna hata mmoja mwenye nguo. Soko la namna hii halijawahi kutokea duniani.

Nililala vizuri sana.

Jumatano, 9 Julai

Bertha aliondoka na boti kwenda kuwatazama wafinyanzi wa kabila la Wakisi. Nikasema tumbo linanisumbua. Boti ilipopotea tu, nikafungua begi nyuma ya jiko.

Naandika hili kwa unyenyekevu: nina kipaji. Ilipofika saa kumi na moja, upepo ukashuka na makoti kumi na sita yakawa yameshaondoka. Nilisimama kuutazama ufukwe. Kila mahali watu wa heshima ndani ya makoti marefu ya sufu, vifungo wazi, miguu mitupu, wakinywa bia. Ulikuwa kama mkutano wa majaji waliofurikiwa na mto. Violet alikuja mbio kuuliza kama kuna dharura. Nikamwambia hapana, ni huduma.

Boti ikarudi. Bertha akapanda mchangani na chungu kizuri kwapani, uso umepumzika. Greta akaja kumpokea, mikono wazi, ndani ya koti la kijivu lenye bitana ya bluu.

Bertha akasimama. Akanyoosha mkono, akaushika ukosi wa lile koti, akaugeuza taratibu.

“Hilo koti ni la mama,” alisema. Aliniambia mimi, si Greta.

Ni moja ya yale matatu ya kabatini. Sikuliangalia. Niliona sufu nzuri, basi.

Hakugomba. Hakuuliza habari za vitabu. Greta aliuliza kuna nini, Bertha akamjibu kwamba limempendeza. Kisha akaweka chungu chini na kwenda chumbani.

Alhamisi, 10 Julai

Ameondoka asubuhi kwa gari la hoteli. Anakwenda kwao Kilolo, Iringa, kwa kaka yake, Kasian. Nilimwambia namfuata Greta sasa hivi kulichukua koti. Akanikataza. Alisema mgeni amenunua kwa nia njema, na yeye haendi kumvua mtu nguo mwilini. Alikuwa ameshakaa kwenye gari aliposema lile lingine.

“Nilikuomba siku saba, Baba Ikupa. Umenipa mbili.”

Nililia kidogo. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Halafu nikaosha uso. Kukatazwa ni kukatazwa, lakini koti ni koti. Nikaenda kumtafuta Greta. Nikaambiwa yeye na Otto wako ng'ambo ya kamba mpaka jioni. Basi la mwisho la kutoka Kyela haliningoji mpaka jioni.

Kwenye kamba analinda Samwel, mtu mzima, sare imepigwa pasi. Nilimweleza kila kitu. Alinionea huruma, lakini akasema nguo hazivuki. Nikamwomba basi avuke yeye, aniitie. Akasema akivuka naye atalazimika kuvua, na yeye ni mzee wa kanisa. Nikasema hata mimi naimba kwaya, sauti ya nne. Akasema basi tumeelewana.

Nikavua. Niliacha soksi. Samwel akaziangalia soksi mpaka nikazivua.

Ni hatua kama mia. Nilizihesabu zote. Mikono haikujua ikae wapi. Mbele ilionekana kujificha, nyuma ilionekana kuringa. Jua lilinipiga mahali ambapo halijawahi kunipiga tangu nilipokuwa mtoto. Watu waliokuwa kule hawakunitazama hata mara moja, na jambo hilo, nakiri, liliniudhi kidogo.

Greta alikuwa amelala, koti limekunjwa chini ya kichwa chake; kumbe likiitwa mto linavuka. Kiingereza changu kilikuwa kimebaki pamoja na suruali yangu. Nilimwambia Otto, Otto akamtafsiria: koti hili lilikuwa la mama mkwe wangu, amefariki Machi, mke wangu ameondoka.

Greta aliinuka papo hapo. Akalikung'uta mchanga, akalikunja kama bendera, akanipa kwa mikono miwili. Nilipotaja kumrudishia fedha yake alinitazama kwa namna ambayo sikurudia. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini Bertha hakusema. Otto alimjibu mwenyewe, sikuelewa alimwambiaje, lakini Greta alifuta macho.

Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti na kunionesha karatasi ndogo. Tiketi ya basi, Iringa kwenda Mbeya. Alikuwa ameikuta, akaona labda ina mwenyewe, hakuitupa. Akairudisha palepale.

Niliondoka nimelivaa. Mikono yake iliishia kwenye viwiko vyangu. Samwel alisema nguo hazivuki hata wakati wa kutoka. Sikusimama.

Ijumaa, 11 Julai

Njiani siku nzima. Jana Kyela mpaka Mbeya, leo Makambako na Iringa. Koti mapajani. Mama mmoja kiti cha pembeni alitaka kulinunua. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya biashara nilisema hapana. Aliongeza bei. Nikasema hapana tena, ingawa ya pili ilichelewa kidogo.

Jumamosi, 12 Julai

Kilolo. Ukungu mpaka saa nne, nyasi nyeupe kwa umande. Kasian alinisalimia kwa Kihehe, kamwene, akaniita shemeji, akanipa mkono bila kuuliza lolote. Hapo nikajua anajua vyote.

Bertha alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi na wifi yake. Nikaliweka koti kwenye gogo karibu naye. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maelezo tangu Makambako, yenye vipengele vitatu, lakini nilipofungua mdomo ilitoka samahani peke yake, bila lakini.

Bertha alifuta mikono kwenye kitenge, akalivaa koti, akaingiza mkono mfukoni. Akaitoa ile tiketi, akaisoma muda mrefu, kana kwamba imeandikwa mengi.

“Alikuja nalo siku ile nilipompokea stendi,” alisema. “Alisema Mbeya kuna baridi kuliko Kilolo. Nikamwambia mama, acha utani.”

Wifi yake aliinuka akatuacha.

Kisha akaniuliza nimelipataje. Nikamweleza yote. Samwel, kamba, hatua mia. Nilifikiri kuziruka soksi, lakini niliona leo si siku ya kuruka kitu. Nilipofika kwenye soksi alianza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maganda ya mahindi. Kisha kweli akalia, uso ndani ya ukosi wa koti, nami nikakaa pale pembeni. Sikusema kitu. Ni vigumu kuliko inavyoonekana.

Mwishoni akasema chai iko ndani, niingie kabla sijagandishwa na upepo. Tutakaa hapa mpaka Jumatano. Anataka kulala, kula viazi na kusikia Kihehe. Nimesema sawa. Nimesema sawa kwa moyo wote.

Jumapili, 13 Julai

Ibada nzuri. Bertha alivaa koti. Watu walimsimamisha nje ya kanisa kumpa pole na kulishika mkono lile koti, maana wengi walilifahamu. Ni mke wa ajabu. Nimebadilika kabisa.

Baada ya chakula alilala, na Kasian akanitembeza kwenye shamba lake la bondeni. Sikuwa nalifahamu. Kuna kijito. Kuna maporomoko madogo na mawe makubwa bapa ya kukalia. Pande tatu zimezungukwa na misonobari iliyosongamana, hakuna anayeweza kuchungulia. Upande wa nne unahitaji kamba tu.

Nilisimama pale, na kitu kikaniambia: Jailos, ni nani mwingine mkoa mzima wa Iringa mwenye uzoefu wa kazi hii?

Kasian alipoelewa nasema nini alikaa kwenye jiwe. Akauliza kama nafahamu kwamba asubuhi pale ni nyuzi joto sita. Nikamwambia ndiyo uzuri wake. Mzungu amezaliwa na baridi, akikaa mbali nayo muda mrefu anaugua. Hakukataa. Aliinuka akaanza kupima kwa macho pa kufunga kamba.

Bertha sijamwambia, maana huu bado si mpango. Namba ya Otto ninayo. Kesho alfajiri, kabla Bertha hajaamka, nashuka bondeni kuoga, kama alivyozaliwa mwekezaji yeyote. Kasian ameahidi kusimama kwenye kamba na blanketi.